Kijishimo Kwenye Kitufe

"Nibonyeze, dada?" mpwa wa bosi aliuliza, kidole kikiwa hewani.

Msimamizi wa mitambo aliitazama amri iliyoandikwa kwenye skrini. Kwenye mfumo aliosomea mpwa huyu, amri hiyo huzima programu moja iliyokwama. Kwenye mfumo huu huzima seva nzima, kompyuta kuu inayoendesha ofisi yote.

Aliagizwa amfundishe kazi, kisha Ijumaa ampishe kiti. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," bosi alicheka alipomwagiza. "Kazi yenyewe hata mtoto anaiweza."

Kwenye kitufe cha Enter palikuwa na kijishimo, kilichochimbwa na kidole chake yeye kwa miaka kumi na miwili.

"Dada?"

Alisogea kando. "Wewe ndiye fundi sasa, mdogo wangu."

Kidole kikatua kwenye kijishimo, kikaenea sawasawa.

Ghorofani simu zikaanza kulia, moja baada ya nyingine. Msimamizi akainama kutafuta viatu vyake chini ya meza.