Kikombe cha Nyanzala

Nyanzala aliniambia nimjazie chai mpaka ukingoni, nikashangaa, maana siku hizi alikuwa anakunywa nusu kikombe tu.

Hapa machimboni, nje kidogo ya Mpanda, hakuna mwanamke anayeijua zebaki kama yeye. Anaivuruga na mchanga wa dhahabu kwenye karai kwa mikono mitupu, anaikamua kwenye kipande cha kanga, kisha anaenda kuichoma jikoni kwake, mlango kaufunga, wezi wasione. Sote tulimwiga.

Asubuhi hiyo alikuwa amekuja mama mgeni kutoka Majimoto, mtoto mgongoni, afundishwe kazi. Tayari alikuwa ameinamia karai.

"Mwanangu, ngoja kwanza," Nyanzala akamwambia. "Nitazame."

Akanyanyua kikombe mbele yetu wanawake wote wa makarai. Mkono ukaanza kutetemeka. Chai ya moto ikamwagikia vidole, ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Angeweza kukiweka chini. Hakukiweka. Alikishikilia vilevile, macho makavu, mpaka kikombeni ikabaki chai kidogo tu.

"Sijalogwa," akasema. "Daktari kanipima. Ni hii zebaki, na moshi wake ndio mbaya zaidi. Nyie mnaichomea jikoni, watoto wamelala pembeni."

Mama wa Majimoto akarudi nyuma, akakaza mbeleko.

Mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anayetulipa sote, alikuwa amesimama pale anasikia. "Dada Nyanzala, utanifukuzia watu. Ukiendelea, kesho usije."

Nyanzala akaninyooshea kikombe, bado kinatetemeka.

"Nijazie tena. Wa kule nyuma hawajaona."