Maoni ya Ndyamukama juu ya Sinema

Muuaji alipofuta kisu kwenye nyasi, Kyarisiima hakuwa akitazama shuka la sinema. Alikuwa akimtazama baba mkwe wake, Ndyamukama. Mikono ya mzee ilikuwa mikavu, lakini aliifuta kwenye kanzu mara mbili.

Kesho yake mzee aliamka na hasira. Bwana sinema alikuwa amegawa karatasi pale Murongo ili kila mkuu wa kijiji atoe maoni, na gari lake la sinema lingeondoka saa sita. Kyarisiima, aliyeishia darasa la tatu na ndiye pekee pale aliyejua kusoma, akaitwa na kalamu yake. Akakaa kizingitini na kumpa mzee mgongo, kama ilivyompasa mkamwana.

“Andika,” alisema Ndyamukama. “Sinema ni ya uongo. Kijana mgeni anaoka mikate miaka kumi kwa mtu aliyemuua baba yake, na mwenye nyumba hajui? Mimi ningemjua kwa harufu!”

Jirani yake Cassian akacheka, kibuyu cha pombe ya rubisi mkononi. “Wewe hata mbuzi wako huwajui, mzee.”

“Nyamaza! Andika tena: wageni ndio wauaji. Vibarua wote waliovuka mto kuja kwenye kahawa yetu wafukuzwe kabla ya mavuno, wao na watoto wao. Neno langu likifika bomani, hatabaki hata mmoja.”

“Lakini kwenye sinema aliyeua ni mwenyeji,” alisema Cassian.

“Nani kakuuliza? Ulikuwa umelewa.”

Kalamu ilikwaruza. Bondeni vibarua walikuwa wakipalilia mibuni, na mwanamke mmoja akimwimbia mtoto kwa lugha ya kwao. Kyarisiima aliacha kuandika, akasikiliza mpaka ubeti ukaisha, kisha akaendelea.

“Mbona karatasi imejaa?” Cassian alichungulia. “Mzee kasema maneno manne tu.”

“Kiswahili cha kuandika ni kirefu, baba,” alisema Kyarisiima kwa sauti ndogo.

“Mwache,” alisema Ndyamukama. “Mlezi wake, Adelgunda wa Rugu, alimfunza vizuri. Siku nilipokwenda kumposea mwanangu nilisema, huyu asiyefungua mdomo ndiye nimtakaye. Haya, soma!”

Akasoma. Yote yalikuwemo: uongo, harufu, vibarua, mavuno. Mzee akaridhika. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza chini ya karatasi.

Kyarisiima alikwenda Murongo mbiombio. Bwana sinema alikuwa akifunga turubai la gari. Akapokea karatasi, akasoma, akaketi kwenye ngazi, akasoma tena, safari hii kwa sauti:

“‘Mimi, Ndyamukama, mwaka 1943 nilimuua kibarua mgeni kwa panga. Nililifuta kwenye nyasi. Nilimzika nyuma ya zizi langu, chini ya jiwe la kunolea. Mtoto wake alikuwa kwenye mibuni, sikumwona.’”

Aliinua macho. “Hili ni dole gumba la mzee mwenyewe?”

“Ndiyo, bwana.”

“Na huyo kibarua, mbona hakuandika jina lake? Alikuwa nani?”

Kyarisiima alitazama mto, na ng’ambo ya mto. Kisha akafungua mdomo.

“Ndikumana,” alisema. “Baba yangu.”