Mfungo wa Kwanza wa Saumu

Njaa yangu ilizimwa zahanati, kama wanavyozimiwa watu wazima wote siku hizi. Zamani nilihangaika: niliacha sukari, nikakimbia alfajiri, nikanywa maji ya ndimu. Nilikonda, kisha nikanenepa tena. Safari hii kilo zilizotoka hazijarudi, na madera yangu ya zamani tumeyashona mapazia.

Watoto wanaachiwa njaa zao mpaka wabalehe. Leo binti yangu Saumu amefunga kwa mara ya kwanza. Alasiri alinifuata jikoni nikikoroga uji wa futari, akajilaza sakafuni.

"Mama, njaa inaniuma."

"Vumilia, mwanangu. Magharibi inakaribia."

"Na wewe inakuuma?"

Nilikuwa nimefunga, kwa hiyo sikuweza kumdanganya.

"Hapana."

"Sasa unafunga nini?"

Niliendelea kukoroga uji.

Adhana ilipolia, Saumu alibugia tende, akafumba macho, akatulia nayo mdomoni kama anayesikiliza kitu. Mimi nilitafuna yangu, nikatema kokwa.

"Hebu nieleze," nikamwambia. "Ile njaa ilikuwaje?"