Bafuni Pamejaa

"Bafuni pamejaa," alisema mwosha chupa, akijikuna kidevu. "Wiki hii tu tumeshaweka watu wawili."

"Basi mpelekeni jikoni," alisema mpishi wa bia.

"Jikoni yuko yule aliyeungua na dawa ya kuoshea chupa. Tulisema ni uji."

Shangazi alikuwa amekaa chini katikati ya machicha, yale makapi ya shayiri yanayobaki bia ikishapikwa, ameukumbatia mkono wake wa kushoto kama kichanga. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkongwe wa kuzoa machicha, na kiwanda kizima kilimwita hivyo. Aliteleza mara moja tu, mfupa ukalia ta! hadi kwenye matangi.

Kiongozi wa timu alifika mbio, mabuti yakilia kwachu kwachu. Hakuutazama mkono. Alitazama ukutani, kwenye ubao mkubwa mweupe: SIKU BILA AJALI: 99.

Huyu bwana walimwita Sifuri. Yeye alidhani ni sifa, kwa ajili ya ajali sifuri, nao hawakumsahihisha. Alikuwa na miaka kumi na mmoja ya zamu: wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana, ya tatu usiku. Nyumbani alifika watu wamelala au wametoka. Kitinda mimba wake alimwamkia, "Shikamoo mgeni," kisha akamuuliza mama yake huyu anakaa mpaka lini. Sasa ubao ukifika mia, makao makuu wangemfanya mkuu wa uzalishaji, na mkuu hana zamu. Saa kumi na moja jioni yuko kwake, miguu juu ya stuli. Mkewe alishamwambia, "Baba watoto, safari hii ukikosa, nitapangisha upande wako wa kitanda."

Basi akachuchumaa, akalainisha sauti.

"Shangazi, pole. Umeangukia wapi?"

"Mwanangu, si una macho? Nimekalia nini hapa, godoro?"

"Nauliza tena, kwa upole. Umeangukia wapi?"

Watu wakainamisha vichwa. Wote walilijua swali hilo, kila mmoja alishalijibu kwa zamu yake. Muuguzi wa zahanati ya kiwanda alikuwa na daftari lenye visanduku viwili tu vya kuweka alama, "kazini" na "nyumbani", na hicho cha kwanza hakikuguswa na kalamu tangu ubao uanze kuhesabu.

"Ngazi," alishauri mpishi. "Aseme ngazi."

"Nyumba yangu ya chini, ngazi nitaitoa wapi?"

"Kitanda, basi. Ameanguka kitandani."

"Kwa umri huu?" Shangazi alisahau maumivu. "Mnataka mtaa useme nilikuwa nafanya nini?"

Hata Sifuri alicheka, kisha akakumbuka ubao.

"Uwani," alisema. "Ulikuwa unaanika nguo."

Shangazi aliuegesha mkono wake mapajani. "Nikisema uwani, kesho unapanda cheo?"

"Napanda."

"Unatoka kwenye zamu yetu?"

"Natoka kabisa, Shangazi. Hamtaniona ila kwenye mikutano."

"Na ule wimbo wako wa usalama, wa kutuimbisha kila siku kabla ya chai?"

"Nao natoka nao."

"Basi nimeangukia uwani," alisema Shangazi. "Tena kamba ya nguo ikanizaba kofi. Niinueni."

Kesho yake asubuhi ubao ulisoma 100 kwa wino mwekundu. Timu yake yote, watu ishirini na mmoja, ilipangwa mbele ya matangi, wazima mbele, wanaochechemea nyuma. Mama Mkaguzi alifika kutoka makao makuu, miwani puani, daftari la muuguzi kwapani.

"Siku mia," alisema Mama Mkaguzi, akipekua taratibu. "Watu ishirini na mmoja. Majeraha thelathini na manne." Akavua miwani. "Yote nyumbani."

Akamgeukia mwosha chupa.

"Wewe, ulivunjika vidole viwili ukioga?"

"Sabuni, mama," alijibu mwosha chupa. "Ilikuwa nzito."

"Na wewe, uji?"

"Wa moto, mama. Sana."

"Hapa mna maji yanayochemka, chupa zinazopasuka, sakafu ya kuteleza hata paka. Lakini hakuna hata mkwaruzo. Nina miaka thelathini katika kazi hii, sijaona kitu kama hiki."

Sifuri akafumba macho. Aliziona zamu zote za usiku zikimjia zimeshikana mikono. Alisubiri kusikia neno "uongo". Badala yake akahisi kiganja chake kimekamatwa, kinatikiswa kwa nguvu.

"Hongera, mkuu wa uzalishaji! Nakala za daftari hili tunazisoma kila wiki, na wengine wametoa machozi."

Makofi yalilipuka. Wenye vidole vizima walipiga kwa vidole, Shangazi alipiga paja kwa mkono uliobaki. Mpishi alimnong'oneza mwosha chupa, "Ameenda! Tumepona!" Na Sifuri mwenyewe, mbele ya watu wote, alianza kulia kwa furaha.

"Ila kuna kitu kinatuchoma roho," aliendelea Mama Mkaguzi, sauti ikimlegea. "Kila siku tunawatoa mahali salama namna hii na kuwarudisha kwenye nyumba za hatari. Hatuwezi kuendelea hivyo. Vitanda ishirini na viwili vinashushwa getini sasa hivi. Kuanzia leo mtalala hapa hapa kiwandani, wote chumba kimoja, na cha mkuu tutakiweka katikati."