Mpaka Choo Kifanye Kazi

Mama Pacha alikuwa ameapa kutomtazama mumewe usoni mpaka choo cha mashua kifanye kazi. Siku ya pili hiyo, alikuwa akimpa chakula huku amegeukia pembeni, na usiku alilala akiutazama ukuta.

Bandari nzima ilijua. Pale kila mtu aliishi ndani ya mashua yake ya matanga, akihama nchi hadi nchi, na mashua zilivyobanana gatini, ukipiga chafya unaambiwa pole kutoka mashua ya tatu.

Kesho yake wangeanza kuvuka bahari kuu, wiki tatu bila kuona nchi kavu.

"Wiki tatu na ndoo?" Mama Pacha aliuliza. "Sikiliza, Nahodha. Jua likizama choo hakijapona, naenda kwa dada yangu. Utavuka na ndoo yako."

Wakiwa na amani alimwita Baba Pacha. Wakiwa vitani alikuwa Nahodha. Na safari hii hayakuwa maneno matupu, kwa maana sanduku lilikuwa limeshafungwa.

Nahodha naye hakutaka kusikia habari za fundi. "Fundi ni mimi," alisema, kama alivyosema kuhusu jokofu na jiko, ambavyo sasa vyote ni marehemu. Asubuhi hiyo mkewe alimwacha amechomeka kichwa ndani ya kabati la choo, akaenda kufua kwenye mashine za bandari.

Aliporudi na beseni la nguo, jirani yake mwenye paka watano alimwita kutoka mashua ya pili.

"Dada, usiku muwe mnafunga mlango. Wale wazee wa mashua ya njano wameibiwa darubini."

"Moja tu? Kwangu waje na mkokoteni," alijibu Mama Pacha. "Darubini nne, redio tatu, na lile dude la kupima upepo. Hata kitanda changu kimegeuzwa ghala. Wakija nitawapa na chai."

Wakacheka. Mama Pacha akapanda mashuani, akaanika nguo kwenye kamba. Chini vitu vilikuwa vikigongana. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, mlango wenyewe mmoja tu, akageuza mgongo kama kiapo kilivyomtaka.

"Nahodha, upo?"

Vitu vikaacha kugongana.

"Mm."

"Mbona sisikii spana? Basi nakwambia, mimi nakaa hapa mlangoni na sibanduki mpaka nisikie maji yanakwenda. Hata pakuche."

Kitu kizito kikawekwa sakafuni taratibu. Kisha spana ikaanza kulia.

Baada ya muda Mama Pacha aliibia jicho sakafuni. Aliona mfuko mkubwa wa turubai, na mdomoni mwake redio zimepangwa juu ya darubini. Moyo ukamlainika. Miaka mingapi amemwomba apunguze makorokoro yale!

"Unayatoa?"

"Mm."

"Yote?"

"Yote," ilijibu sauti nzito kutoka ndani ya kabati.

Hapo akaona bora aseme la moyoni. Akasema choo ni kisingizio. Akasema anaogopa bahari, ameiogopa tangu siku ya kwanza, ila kila akianza kueleza anapewa somo la mawimbi mpaka anasahau alichotaka kusema. Akasema hachoki kusafiri, anachoka kutosikilizwa. Alisubiri somo la mawimbi lianze. Halikuanza. Alipoanza kulia, hata spana ilinyamaza.

"Endelea," ilisema sauti.

Katika ndoa yao yote hakuwahi kuambiwa endelea. Akaendelea, akatoa mpaka ya mwaka wa harusi, na kila alipotua neno alijisikia mwepesi zaidi. Akamimina chai ya chupa kwenye kikombe, akakinyoosha nyuma ya mgongo. Kikapokelewa taratibu, kwa mikono miwili.

Jua lilikuwa limeinama pampu ilipokoroma, ikakohoa, kisha maji yakaenda. Yakaenda tena. Mama Pacha akaruka kutoka mlangoni. Kiapo kilikuwa kimekwisha, lakini macho yalikuwa mekundu na aibu ilimshika, akajifunika uso kwa taulo bichi.

"Pita, Baba Pacha," alisema kutoka ndani ya taulo. "Kayatupe hayo sasa hivi, kabla hujabadili nia. Na usirudi nayo!"

"Sirudi nayo, mama."

Mashua ikayumba kidogo, na nyayo zikaondoka gatini kwa haraka ya mtu mwenye nia njema.

Mama Pacha akashuka. Alipiga pampu mara moja kwa kuhakikisha, mara ya pili kwa raha tu. Kitanda chake kilikuwa cheupe, hakuna redio wala waya. Na kikombe cha chai kilikuwa kimeoshwa, kimepinduliwa juu ya kitambaa kikauke. Kimeoshwa! Baba Pacha, ambaye siku zote aliamini vikombe hujiosha vyenyewe!

Akacheka peke yake huku machozi yakimtoka. Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu. Akafungua sanduku, akaanza kurudisha nguo zake kwenye droo moja moja. Akiwa na mwanamume kama huyu, yeye angevuka bahari yoyote, hata kwa ndoo.

Mtu akagonga ubavu wa mashua kutoka gatini, polepole.

"Mama Pacha," mumewe aliita kwa unyonge, "usinitazame bado. Tangu ulipokwenda kufua nimezunguka mji mzima, na fundi sijapata."