Meseji ya Mama

Simu ya binti yake ililia juu ya jora la kitenge. Severa akachungulia, akaona kwenye kioo neno moja: "Mama."

Mama si ni yeye? Na yeye hakuwa na simu.

Miezi miwili sasa, hapa dukani Kariakoo, alikuwa akimgombeza binti yake kwa kuinamia kidude hicho na kucheka peke yake kama mwehu, wateja wakisubiri. Alidhani ni mwanamume. Kumbe ni mwanamke mpya wa baba wa binti huyo, wa Buguruni, aliyemnunulia simu yenyewe.

Binti alikuwa stoo. Severa akabonyeza, kama alivyomwona akibonyeza, meseji ikafunguka.

"Mwanangu, umekula?"

Chini ya kaunta ilikuwapo sahani ya ndizi nyama aliyomfunikia tangu saa saba, mchuzi umeshaganda. Kidole gumba chake, kilichoshika rangi ya vitenge, kikatafuta kitufe cha kufuta.

"Mama, simu imelia?" binti akauliza akitoka stoo, jora begani.

"Haijalia," alisema Severa. "Kaa ule, mwanangu."

Simu ikalia tena, mkononi mwake.