Ngeli ya Bi Mgeni

Lugha Mpya ilipofanywa lazima hata nyumbani, Salha alijivuna, maana ndiye aliyeibuni. Alifuta sauti za ng' na dh ili ndimi zisichoke, na wasiofanya kazi akawatoa kwenye ngeli ya watu, akawatia kwenye ya vitu.

Asubuhi moja mumewe, Idrisa, alichungulia chumbani kwa mama yake, Bi Mgeni, aliyekuwa akinywa uji.

“Kimeshakula?” akamwuliza Salha.

“Idrisa! Huyo ni mama yako.”

“Ngeli umeitunga wewe. Kikimaliza, kitolewe nje kiote jua.”

Kabla Salha hajajibu, Bi Mgeni aliweka bakuli chini, akasema kwa adabu, “Kimeshiba. Kinashukuru.”

Salha alikimbilia karo la kuoshea vyombo akatapika, huku Idrisa akimsifu mama yake kwa kujifunza upesi.